Uzi: Meksiko ni shirikisho la majimbo 32 (ukihesabu na Mexico City yenyewe), lakini taifa lake lilijengwa kutoka Mexico City

#1 Nahodha Msomi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani Meksiko ikitajwa, basi ni magenge ya dawa za kulevya, ukuta wa mpakani au mpira. Leo naomba tuitazame kwa upande mwingine. Hii ni nchi ya watu milioni 126 kwa sensa ya 2020, yenye lugha 68 za wenyeji wa asili ukiacha Kihispania, na kwa miaka mia mbili imekuwa ikivutana juu ya mambo mawili yasiyoachana: nani anahesabiwa Mmeksiko kamili, na madaraka yakae makao makuu au majimboni.

Nauweka msimamo wangu mapema mpate pa kunikosolea. Ibara ya 40 ya katiba yao inasema Meksiko ni jamhuri ya kishirikisho yenye majimbo huru na yenye mamlaka yake. Ibara ya 124 inaongeza kwamba jambo lolote ambalo halikukabidhiwa wazi serikali ya shirikisho ni la majimbo. Ukisoma hapo ukaishia hapo utadhani magavana ndio wenye nchi. Mimi naamini mambo yalikwenda kinyume: serikali kuu ndiyo iliyolitengeneza taifa, kwa shule, kwa vitabu, kwa sherehe na kwa hazina, na waliobebeshwa mzigo mzito wa kazi hiyo ni wenyeji wa asili pamoja na weusi wa nchi ile.

Tuanze na uhuru, maana bila hapo mengine hayaeleweki.

Uhuru ulipopatikana Septemba 1821, taifa lilikuwa bado jina tu. Mikoa iliishi kila mmoja na matajiri wake, maaskofu wake na askari wake. Agustín de Iturbide, ofisa aliyewahi kuwapiga wapigania uhuru kabla ya kuungana nao, alitawazwa kuwa mfalme mwaka 1822 na kufikia Machi 1823 alikuwa ameshaachia kiti. Mikoa haikusubiri kuambiwa la kufanya. Jalisco, Zacatecas, Oaxaca na Yucatán zikajitangaza majimbo huru mwaka huohuo wa 1823. Amerika ya Kati ikajiondoa, Chiapas peke yake ikachagua kubaki na Meksiko mwaka uliofuata. Kwa hiyo katiba ya shirikisho ya Oktoba 1824 iliandikwa wakati mikoa imeshashika mpini.

Kulikuwa na waliopinga. Padre Servando Teresa de Mier alisimama bungeni Desemba 1823 akaonya kwamba kuyapa majimbo mamlaka makubwa kiasi kile, nchi ikiwa changa na imezungukwa na wenye tamaa, ni kuigawa kabla adui hajafika. Hotuba hiyo inakumbukwa mpaka leo kwa jina la Unabii.

Mwaka 1835 wapinzani wa shirikisho wakapata nafasi yao. Serikali ikaamua kupunguza wanamgambo wa majimbo, Zacatecas ikagoma, Jenerali Antonio López de Santa Anna akaivamia na kuishinda mwezi Mei. Kama adhabu, Aguascalientes ikakatwa kutoka Zacatecas. Katiba mpya ya 1836 ikageuza majimbo kuwa mikoa ya utawala, na magavana wakawa wateule wa rais. Walidhani wanaokoa umoja. Texas ikajitenga Machi 1836, na tusifiche kwamba walowezi wa kule walikuwa pia wanalinda utumwa wao. Yucatán ikajitenga mwaka 1841, ikarudi 1843, ikaondoka tena, mpaka vita vya Wamaya vilipowatisha wakubwa wa kule wakarudi kuomba msaada mwaka 1848.

Shirikisho likarudishwa Agosti 1846, lakini wakati huo Marekani ilikuwa imeshaingia vitani. Septemba 1847 bendera ya Marekani ikapepea juu ya Ikulu ya Taifa. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa Februari 2, 1848 ukamaliza vita kwa dola milioni 15, na ukijumlisha na Texas, Meksiko ikawa imepoteza zaidi ya nusu ya ardhi yake. California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, zote zilikwenda.

Naomba mkae na jambo hilo kidogo. Nchi iliyopata uhuru mwaka 1821, kufikia 1848 imeshakatwa katikati, na watu waliokuwa hai siku ya uhuru wameyaona yote mawili. Ndiyo maana hofu ya kupasuka imo ndani ya kila mtawala wa Meksiko aliyefuata, wa kanisa au wa kupinga kanisa, wa kulia au wa kushoto. Wimbo wao wa taifa ulitokana na shindano la mwaka 1853, maneno ya Francisco González Bocanegra, ukaimbwa rasmi Septemba 1854 kwa muziki wa Jaime Nunó, na unazungumza vita, adui na mizinga mwanzo hadi mwisho. Aliyekuwa madarakani ni huyohuyo Santa Anna.

Baadaye Benito Juárez, aliyekuja kuwa rais, na wenzake walileta katiba ya kishirikisho ya 1857, wakapigana na wahafidhina miaka mitatu, halafu na jeshi la Ufaransa, mpaka Maximilian wa Austria, mfalme aliyewekwa na Wafaransa, alipopigwa risasi Querétaro Juni 19, 1867. Porfirio Díaz akafuata, akatawala kuanzia 1876 hadi 1911 kwa muda mfupi tu wa mapumziko, na shirikisho likabaki kwenye karatasi.

Halafu kikaja chama. Mwaka 1929, baada ya Mapinduzi yaliyoanza 1910, Plutarco Elías Calles aliunda chama cha kuwaweka majenerali na wakubwa wa mikoani chini ya paa moja. Kilibadili jina mara mbili hadi kuwa PRI mwaka 1946, na hakikuachia urais mpaka 2000. Rais alikaa miaka sita bila kurudia, lakini mrithi alinyooshewa kidole na rais anayeondoka, na magavana vilevile. Aliyekosa adabu aliondolewa. Katiba inaipa Seneti uwezo wa kutangaza kwamba mamlaka za jimbo fulani zimetoweka na kuweka gavana wa muda, na kifungu hicho kilitumika mara nyingi karne iliyopita. Gavana wa kwanza wa upinzani alipatikana 1989 tu, Ernesto Ruffo wa Baja California. Miaka sitini, wakuu, majimbo "huru" na hakuna hata moja lililoongozwa na chama kingine.

Nakuja na sehemu ya shule na utambulisho. Kaeni mkao.

#2 Mkulima Halisi

Naweka kambi hapa. Hiyo ya Yucatán kutoka na kurudi sikuwahi kuisikia. Endelea mkuu.

#3 Nahodha Msomi

Tuendelee.

Mapinduzi yalianza 1910, katiba ya sasa ikapitishwa Querétaro Februari 5, 1917. Waliobaki hai baada ya vita walikuta nchi ya wakulima wengi wasiojua kusoma, wengi wao wasiozungumza Kihispania, na kila bonde na mkubwa wake. Wakaamua taifa lifundishwe. Mwaka 1921 ikaundwa wizara ya elimu ya shirikisho chini ya José Vasconcelos, walimu wakatumwa vijijini, maktaba zikafunguliwa, na wachoraji wakapewa kuta za majengo ya umma. Ukipanda ngazi kuu za Ikulu ya Taifa hadi leo unakutana na kazi ya Diego Rivera aliyoianza 1929: ukutani katikati tai juu ya mpungate, chini yake farasi na mapanga ya uvamizi wa Wahispania, juu mashujaa wa nchi kama Hidalgo, Juárez na Zapata, na upande mmoja Karl Marx akionyesha njia. Serikali iliyolipia ukuta ule ilitaka mkulima asiyejua kusoma aingie, atazame, na ajue yeye ni nani.

Mwaka 1959, chini ya Rais Adolfo López Mateos, vikaanzishwa vitabu vya bure vya shule za msingi kwa nchi nzima. Jalada lililotumika kuanzia 1962 kwa miaka kumi lilichorwa na Jorge González Camarena: mwanamke mwenye sura ya kienyeji, ngozi ya maji ya kunde iliyokolea, amevaa nguo nyeupe, ana bendera, nyuma yake tai na nyoka. Mtoto wa jangwa la Sonora na mtoto wa misitu ya Chiapas walifungua jalada moja. Kila Jumatatu asubuhi wakasimama uwanjani, wanafunzi wateule wakapitisha bendera kwa mwendo wa kijeshi, mkono wa kulia ukawekwa kifuani kiganja kikitazama chini, wimbo ukaimbwa. Sherehe hiyo ipo hata sasa, imo kwenye sheria.

Kazi hiyo ilifanikiwa kuliko nchi nyingi zilivyofanikiwa. Sina shaka na hilo. Linaloniuma ni taifa hilo lilimchora nani. Fundisho rasmi lilikuwa kwamba Mmeksiko ni mestizo, mtu wa damu iliyochanganyika ya Mhispania na mwenyeji wa asili. Mwenyeji wa asili aliyekufa miaka 500 iliyopita akawekwa kwenye makumbusho na kwenye noti, wakati mjukuu wake aliye hai anachapwa darasani kwa kuongea Kimixteko au Kinahuatl na wenzake. Wazee wengi wa Oaxaca, Guerrero na Chiapas wanasimulia viboko hivyo, faini hizo, kusimamishwa juani. Wengi wao waliamua kutowafundisha watoto lugha ya nyumbani ili wasipate mateso waliyoyapata wao, na sensa ya 2020 ilikuta wazungumzaji wa lugha hizo ni asilimia 6 tu ya wenye miaka mitatu na kuendelea.

Katiba ilikuja kukiri mwaka 1992 kwamba taifa ni la tamaduni nyingi. Wazapatista, waasi wa wenyeji wa asili, walipochukua silaha Chiapas usiku wa kuamkia Januari 1, 1994, siku ileile mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza kazi, maneno hayo yakalazimika kupewa uzito. Mwaka 2001 ibara ya 2 ikaandikwa upya iwe ya haki za wenyeji wa asili, 2003 lugha zote za asili zikatambuliwa kisheria kuwa lugha za taifa sawa na Kihispania, na mwaka 2005 ikaruhusiwa kuimba wimbo wa taifa kwa lugha hizo. Fikirieni hilo: hadi 2005 mtoto wa Kimaya kuimba wimbo wa nchi yake kwa Kimaya kulihitaji sheria ibadilishwe.

#4 Bonde la Juu

Salamu kutoka Nakuru. Mkuu, umeeleza siasa vizuri, lakini sisi wa kaunti tunajua ugatuzi ni pesa. Katiba yetu inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kila mwaka ni vuta nikuvute Seneti na Bunge. Wenzetu wa Meksiko wanagawana vipi? Jimbo linatoza kodi gani lenyewe?

#5 Nahodha Msomi

Ndugu wa Nakuru, umegusa kiini chenyewe.

Sheria ya uratibu wa kodi ya mwaka 1978, iliyoanza kazi 1980 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, iliyafanya majimbo yakubali kuacha kutoza kodi kubwa. Kodi ya mapato na VAT zinakusanywa na serikali kuu. Kwa kubadilishana, majimbo yanapata mgao, na mfuko mkubwa wa mgao huo ni asilimia 20 ya mapato ya shirikisho yanayogawanywa. Juu ya hapo kuna fedha zenye kazi maalumu, shule, afya, miundombinu, ambazo gavana anazipokea zikiwa zimeshaandikiwa matumizi. Jimbo lenyewe limebaki na kodi ya mishahara inayolipwa na waajiri, ada za magari na vitu vidogo. Manispaa zina kodi ya majengo na viwanja, ambayo mameya wengi hawaikusanyi kwa nguvu kwa kuogopa kura.

Matokeo yake, majimbo mengi sehemu kubwa kabisa ya bajeti yao inatoka Mexico City. Gavana anayejua hazina ya kuu itamletea fedha hana haraka ya kumbana mlipa kodi wake, na mlipa kodi asiyebanwa hana sababu kubwa ya kumuuliza gavana amezitumiaje. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuwapa magavana uhuru zaidi peke yake ni dawa. Baada ya 2000, PRI ilipotoka ikulu, magavana walipata uhuru ambao hawakuwahi kuwa nao, na fedha zikawafuata bila mkaguzi wa kutosha. Javier Duarte wa Veracruz alitoroka 2016, akakamatwa Guatemala 2017, mwaka 2018 akakiri makosa ya utakatishaji fedha na kushirikiana kihalifu, akahukumiwa miaka tisa. Hakuwa peke yake.

Upande wa pili, wenye uchumi wanalalamika kwa haki. Nuevo León yenye viwanda vya Monterrey na Jalisco yenye Guadalajara wanasema wanachangia kikubwa na kurudishiwa kidogo. Septemba 2020 magavana kumi walijitoa kwenye baraza la magavana wakitaka mkataba wa kodi ufunguliwe upya. Mkataba haukufunguliwa.

Na nguvu ya kuu haijapungua. Kubadili katiba kunahitaji theluthi mbili bungeni pamoja na idhini ya mabunge ya majimbo yasiyopungua 17. Hicho ndicho kizuizi kikubwa ambacho majimbo wamepewa. Septemba 2024, mageuzi ya kuwachagua majaji kwa kura yalipita Seneti alfajiri ya tarehe 11. Bunge la Oaxaca liliidhinisha saa chache baadaye, na tarehe 12 idadi ya 17 ilikuwa imeshatimia. Mabunge 17 kujadili mabadiliko ya mhimili mzima wa dola kwa siku moja na kidogo! Mimi hapo siuoni ushirikisho, nauona utii wa chama kimoja kilichoenea majimboni. Zamani kilikuwa PRI, sasa ni Morena, chama kinachotawala.

#6 Dada wa Ilala

Asante kwa somo kaka. Umewataja weusi mwanzoni halafu umewaacha njiani. Kuna weusi Meksiko kweli? Kwenye tamthilia zao tulizokua nazo hatujawahi kumwona hata mmoja.

#7 Nahodha Msomi

Dada yangu, wapo, na kutokuwaona kwenye tamthilia ni sehemu ya habari yenyewe.

Wahispania waliingiza Waafrika wengi kwenye mashamba ya miwa ya Veracruz, migodini, kwenye ranchi za ng'ombe na majumbani kuanzia karne ya 16. Wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola. Wapo pia wachache waliofika kwa mlango wa pili: Wareno waliwachukua watu pwani ya Msumbiji, wakawauza Asia, na baadhi yao wakavushwa kwa meli za Manila hadi Acapulco. Kwa hiyo pwani yetu hii nayo ina watu wake mle, hata kama ni wachache.

Mmoja aliyeitwa Gaspar Yanga alitoroka na wenzake kwenye milima ya Veracruz, wakaishi huko miaka mingi wakiwasumbua mabwana, jeshi likatumwa mwaka 1609 likashindwa kuwamaliza, na mwisho utawala wa Hispania ukakubali wawe na mji wao. Mji upo mpaka leo na unaitwa Yanga.

Sasa mkuu wa wakuu. Vicente Guerrero, mwenye asili ya Afrika, mwendesha misafara ya nyumbu wa kubeba mizigo kwenye milima ya kusini, ndiye aliyeendeleza vita vya uhuru wakati viongozi wa mwanzo wameshauawa. Bila yeye kukubali kuungana na Iturbide mwaka 1821, uhuru usingepatikana mwaka ule. Alikuwa rais mwaka 1829, na Septemba 15 mwaka huo akatangaza kufuta utumwa, miaka zaidi ya thelathini kabla ya Marekani. Alipinduliwa kabla ya mwaka kwisha, akasalitiwa, akapigwa risasi Februari 1831. Jimbo la Guerrero limepewa jina lake, shule hazihesabiki zenye jina lake. Na bado, kwa vizazi, michoro mingi ilimpausha, na vitabu vilimtaja kama shujaa bila kutaja asili yake.

Fundisho la mestizo lilikuwa na nafasi ya Mhispania na ya mwenyeji wa asili. Mwafrika hakuwa na pa kukaa. Watu wa Costa Chica, ile pwani ya Pasifiki inayounganisha Guerrero na Oaxaca, miji kama Cuajinicuilapa, wamesimulia mara nyingi jinsi polisi na maofisa wa uhamiaji wanavyowashusha kwenye basi ndani ya nchi yao, wakawalazimisha kuimba wimbo wa taifa ili kuthibitisha kwamba si wahamiaji kutoka Karibi au Amerika ya Kati. Wimbo uleule wa kila Jumatatu uwanjani. Mimi kila nikiusoma ushuhuda huu nakasirika, maana mtu anatakiwa kulipa kwa uzalendo wake mbele ya mtu ambaye hatatakiwa kamwe kufanya hivyo.

Walidai miaka mingi. Agosti 2019 katiba ikawatambua kwa jina, watu wa asili ya Afrika wa Meksiko, na sensa ya 2020 ikawa ya kwanza kuwauliza. Waliojitambua hivyo walikuwa 2,576,213, asilimia 2 ya nchi. Watu zaidi ya milioni mbili na nusu ambao taifa lilikaa karibu karne mbili bila kuwahesabu.

#8 Kijana wa Houston

Nawasalimu kutoka Texas. Nathibitisha jambo moja. Hapa nafanya kazi jikoni na Wameksiko. Ukimuuliza mtu kwao wapi, wa kwanza kutajwa ni mji mdogo au kijiji, halafu jimbo, Meksiko inakuja ukimbana. Wana vikundi vya kuchangiana kwa kijiji, sikukuu ya mtakatifu wa kwao hawaikosi, na hela wanatuma. Lakini usiku wa Septemba 15 wote wanakuwa kitu kimoja, bendera kila kona. Hili la kijiji mbona hulisemi mkuu? Mimi naona ndiko taifa lilipo.

#9 Nahodha Msomi

Mkuu wa Houston, umeniwahi. Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Huo usiku wa Septemba 15 ndio ibada kubwa ya taifa lao. Rais anatoka kwenye baraza ya Ikulu ya Taifa, anapiga kengele ileile ya kanisa la Dolores iliyopigwa na Padre Miguel Hidalgo alfajiri ya Septemba 16, 1810 na kuletwa Mexico City mwaka 1896, anataja majina ya mashujaa, umati uwanjani unajibu "Viva!", mwisho anapaza "¡Viva México!" mara tatu. Saa hiyohiyo kila gavana anafanya hivyo makao makuu ya jimbo, kila meya kwenye baraza ya manispaa, hata ile yenye mitaa mitatu. Mwaka 2025 Claudia Sheinbaum, rais wa kwanza mwanamke, alikuwa mwanamke wa kwanza kuipiga kengele hiyo akiwa rais. Serikali kuu ndiyo iliyoisambaza sherehe, lakini watu wa mji mdogo wameifanya yao.

Na hizo hela za vikundi zilikuwa na nguvu kiasi cha kulazimisha serikali kushirikiana nazo. Zacatecas ilianza, mwaka 2002 ikawa programu ya shirikisho: kila peso ya wahamiaji iliongezewa moja ya manispaa, moja ya jimbo na moja ya serikali kuu, kwa ajili ya maji, barabara, paa za shule. Serikali ya López Obrador, rais wa 2018 hadi 2024, ikaja kuiondoa kwenye bajeti. Kwangu huo ulikuwa uamuzi mbaya, maana ilikuwa moja ya njia chache ambazo mradi uliibuliwa kijijini na Mexico City ikafuata.

Ukitaka kuona kijiji kinavyoweza kuipa changamoto dola nzima, tazama Cherán, mji wa Wapurépecha kwenye milima ya Michoacán. Kwa miaka wakataji miti wenye silaha walikuwa wanaumaliza msitu wao, malori yanapita katikati ya mji mchana, waliolalamika wanapotea au wanauawa, polisi na meya hawasemi kitu. Alfajiri ya Aprili 15, 2011, wanawake waliyakabili malori karibu na kanisa la Calvario, kengele zikapigwa, fataki zikarushwa kuuamsha mji, baadhi ya wakataji wakakamatwa. Siku zilizofuata watu waliwafukuza polisi, meya na vyama vyote vya siasa. Wakafunga barabara za kuingilia. Kila kona ya mtaa wakakoka moto, wakakesha hapo kwa zamu, wakapika hapo, wakakubaliana hapo.

Jambo linalonivutia zaidi ni kilichofuata. Hawakutangaza nchi yao. Walikwenda mahakamani wakiwa na ibara ya 2 ya katiba mkononi, ile iliyoandikwa upya 2001. Novemba 2011 mahakama ya uchaguzi ya shirikisho iliwaruhusu kuchagua viongozi kwa mila zao, bila vyama. Februari 5, 2012, sikukuu ya katiba, baraza la wazee 12, wanawake kwa wanaume, likaapishwa. Watu huchaguliwa hadharani, wapiga kura wakijipanga nyuma ya mgombea wao, na majina yanatoka kwenye zile kona za moto. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya taifa iliwapa ushindi mwingine dhidi ya bunge la Michoacán, lililobadili katiba ya jimbo bila kuwashauri. Oaxaca nako, kati ya manispaa 570, zaidi ya 400 huchagua viongozi kwa mila.

Kwa hiyo watu walioonewa na manispaa na jimbo lao walipata haki kwa kushika katiba ya taifa. Hilo linanifanya nisiweze kusema serikali kuu ni adui tu.

#10 Mzee Kengele Tano

Kijana, nimekusoma kwa utulivu. Sikubaliani na mzizi wa hoja yako. Unaisema shule ya Vasconcelos kana kwamba kulikuwa na njia nyingine. Tazama Amerika ya Kati ilivyovunjika vipande vitano. Juárez mwenyewe alikuwa Mzapoteko wa Guelatao, hakujua Kihispania utotoni, akapanda hadi urais. Angebaki na lugha ya kijijini angeikomboaje nchi kwa Wafaransa? Taifa lina gharama.

#11 Nahodha Msomi

Shikamoo mzee wangu. Nakubali kwamba nchi iliyokatwa nusu haikuwa na muda wa kubembeleza, na kwamba bila shule za serikali kuu wakulima wengi wasingesoma. Mfano wa Juárez una uzito, lakini hebu uutazame tena. Kujifunza kwake Kihispania kulimwongezea mlango. Kosa ninalolilaumu ni fimbo iliyopigwa karne moja baadaye ili mtoto aufunge ule mlango wa kwanza. Mtoto anaweza kuimba wimbo wa taifa Jumatatu na kuongea Kizapoteko na bibi yake Jumanne, nchi haitapasuka. Mwaka 1848 haikuwa lugha za vijijini zilizoipoteza California. Ilikuwa hazina tupu, majenerali wanaopinduana, na Marekani yenye tamaa na nguvu.

Na weusi, mzee, waliikomboa nchi hiyohiyo. Wao gharama hiyo walilipishwa kwa kosa gani?

#12 Mzee Kengele Tano

Marahaba. Hapo kwa weusi umenishinda. Kwenye shule bado nina la kusema, nitarudi kesho nikiwa na nafasi.

#13 Mkulima Halisi

Swali la mwisho kwangu wakuu. Leo hii jimbo likitaka kujitoa, sheria inaruhusu?

#14 Nahodha Msomi

Hapana mkuu. Ibara ya 2 inaanza kwa kusema taifa la Meksiko ni moja na haligawanyiki, na hakuna utaratibu wowote wa kutoka. Haki ya kujiamulia ya wenyeji wa asili imeandikwa waziwazi kwamba ni ndani ya umoja wa taifa. Wazapatista wenyewe, pamoja na kuendesha vijiji vyao bila serikali tangu 1994, wamekuwa wakisimamisha bendera ya Meksiko kwenye mikutano yao. Kaskazini, Nuevo León na wenzake, madai ni mgawo wa kodi. Septemba 30, 2024, siku ya mwisho ya López Obrador kazini, ilichapishwa ibara ya 2 mpya inayowapa wenyeji wa asili na weusi hadhi ya kisheria ya umma pamoja na mali yao wenyewe, ili fedha ziende moja kwa moja kwenye jamii bila kupita kwa meya. Sheria ya utekelezaji wake ndiyo ninayoifuatilia sasa. Mwenye habari zake anayesoma Kihispania vizuri aweke hapa.